Kuhifadhi Injini ya Boti Wakati Uvuvi Umefungwa



Wako wenzetu, wa saruji huku Tororo na wa miwa kule Busia, waliochanga mishahara kwa vikundi wakanunua injini ya boti, ili jamaa zao wa Majanji, Sio Port na Port Victoria wavulie. Kikundi kimoja, ambacho sisi wenyewe tulikuwamo, kiliweka injini stoo mwezi wa Aprili ikiwa nzima. Agosti ikakataa kuwaka. Fundi alipoifungua alikuta pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Injini imekufa, na deni lake tuliendelea kukatwa katika mshahara.

Kosa lilikuwa letu. Kijitabu kilichokuja na injini kilikuwa na ukurasa wa jinsi ya kuihifadhi wakati wa baridi kali. Tuliuruka, tukasema hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli, huko maji yaliyobaki ndani ya injini huganda, hutanuka karibu sehemu moja ya kumi, yakapasua chuma. Ziwa letu haligandi. Lakini nasi tuna majira yetu: upande wa Kenya uvuvi wa omena, ambao Uganda tunawaita mukene, hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na huanza mvua kubwa zikinyesha. Usiku hewa ikipoa, unyevu hushika chuma hata ndani ya stoo. Kazi ni ile ile, sababu tu ndiyo nyingine.

Kwanza iwasheni ndani ya pipa la maji safi, itoe matope na majani ya ziwani. Ikiwa bado inanguruma, chomoeni mpira wa petroli, iendelee mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Petroli ikikaa miezi hupoteza nguvu na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Iliyobaki tangini mpeni mwenye boti ya mbuta anayeendelea kuvua. Msiiweke nyumbani penye taa na watoto.

Halafu fungueni plagi, mimineni kijiko cha oili safi katika kila tundu, mvute kamba ya kuwashia pole pole mara tano au sita ili oili ipake silinda yote. Rudisheni plagi, lakini waya zake ziacheni. Hapa ndipo sisi tulipoangukia. Kijiko cha oili kingetuokolea injini nzima.

Oili ya gia imwageni sasa, msingoje Agosti. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na beringi zitakaa miezi minne ndani ya maji hayo. Toeni propela muangalie nyuma yake: mara nyingi uzi wa nyavu umejizungusha hapo, na huo ndio hukata sili. Ondoeni uzi, badilisheni sili, pakeni grisi, jazeni oili mpya.

Injini isimame wima juu ya kiunzi cha mbao. Ikilazwa kichwa kikiwa chini, maji yaliyobaki hukimbilia kwenye silinda. Wa saruji hawahitaji kufundishwa kwa nini mfuko hauwekwi juu ya sakafu tupu. Injini ni vivyo hivyo. Ifunikeni kwa gunia kavu, si nailoni, kwa maana nailoni hufungia jasho ndani. Na wa mashamba, gunia lisiwe la mbolea! Chumvi yake hula chuma kuliko mvua. Stoo iwe na kufuli na mlinzi anayejulikana, wezi wa injini wako pande zote mbili za mpaka.

Agosti ikifika, toeni plagi, vuteni kamba ili oili iliyozidi itoke, wekeni petroli mpya, muiwashe ndani ya pipa. Moshi mwingi wa mwanzo ni oili inayoungua, msiogope. Angalieni maji ya kupoza yanatoka. Nyigu hupenda kujenga kwa udongo katika tundu lile dogo. Maji yasipotoka, zimeni mara moja, mzibue kwa waya mwembamba kabla boti haijaondoka ufukoni.