Mafuta ya Samaki na Kumbukumbu za Wazee

Katika maduka ya dawa ya Muthangari, Nairobi, mnunuzi wa vidonge vya omega-3 mara nyingi si mzee mwenyewe. Ni binti au mwana ambaye mamake ameanza kusahau majina ya wajukuu. Nia hiyo ni njema, na ndiyo sababu inauma kuona pesa zikiishia kwenye chupa ambayo utafiti haujaiunga mkono.

Ahadi ya vidonge hivyo haikutoka hewani. Ubongo umejaa mafuta, na DHA, mojawapo ya asidi za omega-3, ni sehemu ya utando unaozunguka seli za neva. Mwili hutengeneza DHA kidogo mno, hivyo huipata hasa kwa samaki. Michael Crawford, mwanabiokemia Mwingereza aliyefanya kazi Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitumia maisha yake kutetea umuhimu wa mafuta haya kwa ubongo.

Kisha vidonge vikapimwa. Uingereza, watu 867 wa umri wa miaka 70 hadi 79 walifuatiliwa kwa miaka miwili. Matokeo ya 2010 hayakuonyesha tofauti kati ya waliomeza omega-3 na waliomeza mafuta ya zeituni. Mwaka huohuo, Marekani, wagonjwa 402 wa Alzheimer walichunguzwa kwa miezi 18: gramu 2 za DHA kila siku hazikupunguza kasi ya ugonjwa. Mtu aweza kudai, kwa haki, kwamba miaka miwili ni michache. Lakini utafiti wa Ufaransa uliotangazwa 2017 ulichukua miaka mitatu, ukawa na matokeo yayo hayo.

Mbona basi walaji samaki huonekana kuwa na akili timamu zaidi uzeeni? Huenda ni kwa kuwa wamekula hivyo tangu ujanani, au samaki amechukua nafasi ya nyama ya mafuta. Omena (dagaa) wanaopimwa kwa gorogoro kule Kawangware wana omega-3, protini na kalsiamu, kwa bei nafuu. Wachemshe badala ya kuwakaanga.

Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kabla ya kumeza vidonge hivi. Dozi kubwa pia zaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Pesa zitakazobaki kwa kutonunua vidonge zitumike kupima presha, sukari na masikio. Mzee asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, nasi tukadhani amesahau, kumbe hakusikia swali.