Dogo Asiyetoka Jasho: Usimlaumu Mama Yake

Hebu fikiria. Umekulia Kanja, Embu, ambako baridi ya Mlima Kenya haikuruhusu kutoka asubuhi bila sweta. Mtaani kuna dogo mwenye nywele chache, ngozi kavu na meno machache yaliyochongoka. Mnamtania, naye anacheka tu. Likizo ikifika anapelekwa kwa shangazi yake huko Mbeere, kwenye joto kali. Anacheza mpira saa saba mchana, anaanguka. Mwili unawaka moto, lakini usoni hana hata tone la jasho.

Watu watasema nini? Laana. Na si unajua, laana hutafutwa kwanza upande wa mama.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha katikati. Lakini hili nimelisoma. Hali hiyo huitwa ektodemali displasia. Ngozi, nywele, meno na tezi za jasho huanza kwenye tabaka moja mimba ikiwa changa, kwa hivyo jeni moja ikiwa na hitilafu, vyote huguswa.

Kwa aina inayojulikana zaidi, jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja tu, na huipata kwa mama. Mama ana mbili. Ile nzima humkinga, ndiyo maana anaweza kuwa na pengo la jino moja au mawili tu na asijue lolote. Kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu. Ni kama kurusha sarafu. Nani huchagua sarafu iangukie wapi?

Wala si mambo ya Embu pekee. Mwaka 1875 Charles Darwin aliandika kuhusu familia ya Sindh, Pakistan ya leo: wanaume 10 katika vizazi 4, meno machache, ngozi kavu, wakiteswa na joto. Mabinti walikuwa salama, ila wana wao waliipata. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 1996. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walieleza jinsi walivyowatibu watoto wakiwa bado tumboni, nao wakazaliwa wakitoka jasho. Bado ni utafiti, lakini ni matumaini.

Kwa sasa, dawa ya dogo ni rahisi: kivuli, maji ya kunywa, fulana iliyoloweshwa, na mwalimu wa michezo aambiwe mapema. Daktari wa meno anaweza kumtengenezea meno ya bandia angali mdogo. Na mtoto mchanga akipata homa kila jua likiwaka, usikimbilie kusema ni malaria tu. Mguse kwapani. Pakiwa pakavu, mwambie daktari.

Na mama yake? Mwache apumue. Hakukosea popote.