Kisanduku Hakipunguzi Umeme

Wiki hii nimeulizwa tena: "Mhandisi, kile kisanduku cha kuchomeka ukutani kinapunguza umeme kweli?" Hapana. Hakipunguzi uniti zako wala hewa ya kaboni inayotoka kwenye mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo, hata kama wauzaji siku hizi wanakibandika picha ya jani ili ujione unaokoa mazingira.

Kifungue. Ndani utakuta kitaa cha kijani, vipande viwili vitatu vya elektroniki na kapasita ndogo kuliko kidole gumba. Vingine hata kapasita havina, ni kitaa tu. Muuzaji atawasha feni na kukuonyesha ampea zikishuka, na ni kweli zinashuka. Mota huvuta mkondo wa ziada unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi yoyote, na kapasita huupunguza kwenye waya. Lakini mita ya LUKU haikutozi mkondo huo! Inahesabu kilowati-saa, yaani umeme uliotumika hasa, na huo haujapungua. Hita ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja, kisanduku kiwepo kisiwepo. Tena kwa hita hata huo mkondo wa ziada haupo. Kapasita zina kazi yake viwandani, ambako mteja hutozwa pia kwa kVA, kipimo kinachohesabu na mkondo huo wa ziada. Huko hufungwa makabati mazima, baada ya vipimo. Kumuuzia mtu wa nyumbani kidude hiki kwa ahadi ya kukata bili nusu ni wizi, na kinachoniudhi zaidi ni kuona mafundi wanakipigia debe.

Kinachopaswa kupungua ni uniti zenyewe. Bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeipunguzia gesi mzigo, lakini kila uniti inayotokana na gesi bado huacha takriban nusu kilo ya kabonidayoksaidi. Basi: taa ya wati 60 iwe LED ya wati 9. Bana noti kwenye mlango wa friji. Ikichomoka kirahisi, badilisha mpira. Zima hita ya kuogea ukishamaliza. Kiyoyozi kiwe nyuzi 26, si 18, na chujio lake lioshwe. Maharage yapike kwa presha kuka ya umeme: uniti zitaongezeka kidogo, ila mkaa utakaouacha una kaboni nyingi zaidi.