HERUFI ZILEZILE, SARUFI MBILI: JENOMU YA BAKTERIA NA JENOMU YA MAMALIA

1. Utangulizi

Wataalamu wa baiolojia, wanapoeleza urithi wa viumbe, huazima istilahi za wanaisimu: husema juu ya herufi, kusoma, kunakili, kutafsiri na kuhariri. Kuazima huku si pambo tupu. Jenomu, yaani jumla ya maagizo ya urithi ya kiumbe, ni mfuatano wa alama chache, na mpangilio wa alama hizo ndio unaobeba maana. Kwa hiyo mbinu ya isimu linganishi, ambayo huweka lugha mbili sambamba ili kubainisha zinapofanana na zinapoachana, yaweza kumfaa hata msomaji asiye mwanabaiolojia. Makala haya yanakusudia kulinganisha jenomu ya bakteria na ile ya mamalia, na kuonyesha kwamba maisha ya wagonjwa wengi hutegemea ulinganisho huo.

2. Alfabeti na kamusi ya pamoja

Maagizo ya urithi yameandikwa katika uzi wa kikemia uitwao ADN. Uzi huo una herufi nne tu: A, T, G na C, ambazo ni vifupisho vya adenini, timini, guanini na sitosini. Herufi hizi husomwa tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu huita asidi amino moja, na asidi amino zikiungana kwa kufuatana hufanya protini, ambazo ndizo zitendazo kazi nyingi za mwili. Sehemu ya uzi yenye maagizo ya kuunda protini fulani huitwa jeni.

Makundi yawezekanayo ni 64. Kati ya hayo, 61 huita asidi amino 20, na 3 yaliyobaki ni kama nukta: huonyesha mwisho wa sentensi. Kwa kuwa makundi 61 yanagawana maana 20, asidi amino nyingi zina visawe. Kamusi hii, ukiondoa tofauti chache, ni moja kwa bakteria wa utumbo, kwa binadamu na kwa bonobo, nyani ambaye porini hapatikani popote ila katika Kongo. Kinachotofautiana ni upendeleo wa visawe, kama vile msemaji wa Bukavu na yule wa Zanzibar wasivyochagua daima neno lilelile kwa maana moja.

3. Urefu na msongamano

Alfabeti ikiwa moja, matini zenyewe zinaachana sana. Jenomu ya bakteria Escherichia coli wa maabara, iliyochapishwa mwaka 1997, ina herufi 4.639.221 na jeni 4.288 za protini. Jenomu ya binadamu, iliyosomwa kikamilifu mwaka 2022, ina herufi zipatazo bilioni 3, na jeni za protini karibu 20.000. Ya bonobo, iliyochapishwa mwaka 2012, inakaribia urefu huohuo, na tofauti kati yake na ya binadamu ni kama asilimia 1,3 tu.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ajabu iliyomo. Matini ya binadamu ni ndefu kuliko ya bakteria kwa zaidi ya mara 650, lakini jeni zake hazifiki hata mara tano ya zile za bakteria. Kwa bakteria, karibu asilimia 88 ya herufi hutumika kuandika protini. Kwa binadamu, chini ya asilimia 2. Baadhi ya sehemu zilizobaki huongoza wakati na mahali pa kutumia kila jeni. Nyingine ni marudio. Kipande kimoja kifupi kiitwacho Alu kinarudiwa zaidi ya mara milioni moja, na chenyewe huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya jenomu ya binadamu.

Hata hivyo, urefu si cheo. Kamongo wa Afrika Magharibi, samaki mwenye mapafu, ana jenomu yenye herufi zipatazo bilioni 40, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya binadamu. Kama ilivyo kwa vitabu, wingi wa kurasa si kipimo cha hekima.

4. Sarufi mbili

Tofauti ya pili inahusu namna sentensi inavyojengwa. Bakteria hana kiini katika seli yake. Kwa kawaida jenomu yake ni duara moja, na ujumbe wa jeni huanza kutafsiriwa kabla haujamaliza kunakiliwa, mithili ya mtu anayesoma barua ingali inaandikwa. Tena, jeni zenye kazi moja mara nyingi hupangwa pamoja chini ya swichi moja. Mwaka 1961 Wafaransa François Jacob na Jacques Monod walieleza mpango huo, waliouita operoni, kwa kuchunguza jinsi bakteria anavyoitumia sukari ya maziwa.

Kwa mamalia, jenomu imegawanywa katika kromosomu zilizofungiwa ndani ya kiini, na kwa kawaida kila jeni ina uongozi wake. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba sentensi za viumbe vyenye kiini hukatwakatwa na vipande visivyoingia katika protini, viitwavyo introni. Ugunduzi huo uliwapatia Richard Roberts na Phillip Sharp Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Ni lazima seli ihariri nakala kwanza: huondoa introni na kuunganisha vipande vyenye maana. Tena inaweza kuruka kipande kimojawapo. Kutoka sentensi «Baba amerudi nyumbani usiku» mhariri aweza kutoa pia «Baba amerudi usiku». Hivyo jeni moja huzaa protini zaidi ya moja, na idadi ndogo ya jeni haizuii mwili wenye viungo vingi.

5. Ulinganisho unaponya na unaonya

Insulini ni mfano wa kwanza. Zamani wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini ya nguruwe na ng'ombe. Kwa sababu kamusi ni moja, bakteria aweza kusoma maagizo ya binadamu. Lakini jeni ya insulini ya binadamu ina introni mbili, na bakteria hajui kuihariri. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliandika upya kwa kemia maagizo ya insulini, bila introni, wakayatia katika Escherichia coli, naye akatii. Dawa hiyo iliruhusiwa nchini humo mwaka 1982. Bila kufahamu mfanano, wasingejaribu. Bila kufahamu tofauti, wangeshindwa.

Mfano wa pili ni streptomisini, antibiotiki ya kwanza iliyofaa dhidi ya kifua kikuu. Dawa hii hushambulia ribosomu, mtambo unaotafsiri ujumbe kuwa protini. Ribosomu ya bakteria si sawa na ile iliyo nje ya kiini katika seli ya mamalia. Ndiyo maana dawa humwua mmoja na kumwacha mwingine. Lakini ndani ya seli za mamalia mna mitokondria, vinu vya nguvu vyenye asili ya bakteria wa kale. Kwa binadamu vina jenomu yao ndogo ya duara, yenye herufi 16.569, na ribosomu zao zinakaribiana na za bakteria. Dawa ikizidi, inaweza kudhuru masikio ya mgonjwa yeyote. Mwaka 1993 ilibainishwa kwamba wako watu ambao herufi moja ya jenomu hiyo, waliyoirithi kwa mama, ni G badala ya A. Badiliko hilo linaifanya ribosomu ya mitokondria ifanane zaidi na ya bakteria, na watu hao waweza kuwa viziwi hata kwa dozi ya kawaida. Kwa upande wa pili, badiliko la herufi moja katika jeni ya bakteria wa kifua kikuu laweza kumfanya aishinde dawa hiyohiyo.

6. Hitimisho

Sitiari ya lugha ina mpaka wake: lugha ina msemaji anayekusudia, jenomu haina. Pamoja na hayo, Kiswahili, chenye istilahi za herufi, kisawe, nakala, tafsiri na uhariri, kina zana za kutosha kulieleza somo hili darasani. Kati ya bakteria na mamalia kuna herufi zilezile na sarufi mbili. Dawa hupita katika tofauti ya sarufi hizo, na madhara yake hupita pale zinapofanana. Daktari anayeandika streptomisini huitegemea tofauti hiyo, ambayo mahali pengine haizidi herufi moja.