Vinara wa umeme, kwa kufuata maji ya Mto Mara

Ukitaka kujua nani alitangulia kutumia umeme Tarime na Serengeti, usianzie kwenye nguzo za TANESCO. Muulize mvuvi habari za domodomo, yule samaki wa Ziwa Victoria mwenye mdomo mrefu uliopinda chini. Karibu na mkia ana kiungo kinachotoa umeme hafifu, usiomdhuru mtu. Usiku hupekua tope kwa umeme huo na kunasa wadudu asiowaona.

Wataalamu walichelewa kumfikia. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri ya kwanza, akiifananisha na kiungo cha samaki wa baharini apigaye shoti. Umeme hafifu wa samaki wa jamii hii ulisubiri hadi 1951, Hans Lissmann wa Cambridge alipouthibitisha. Ndugu yake domodomo, Gnathonemus petersii wa Afrika ya Kati, ana rekodi ninayoipenda kuliko zote: ubongo wake hula takriban asilimia 60 ya oksijeni ya mwili mzima. Wa binadamu hula 20 hivi.

Sasa fuata maji. Mto Mara unamwaga ziwani, na maji ya ziwa yanatokea Jinja, Uganda, penye Bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Kwa kuwa bwawa hilo linazuia ziwa zima, vitabu vya rekodi vililitaja Ziwa Victoria kuwa hifadhi ya bwawa yenye maji mengi kuliko zote duniani, kilomita za ujazo 2,700 hivi. Rekodi ya ujanja hiyo! Bwawa liliongeza kama 200 tu. Mengine yote yalikuwapo.

Mbele zaidi, kwa kufuata maji hayohayo, kuna Bwawa la Aswan, Misri, lenye megawati 2,100. Bwawa letu la Julius Nyerere kule Rufiji, kwa mitambo 9 ya megawati 235, lina 2,115: tumewapita kwa 15. Mwaka 2025 Ethiopia ikazindua lake la megawati zaidi ya 5,000, ikatuacha sote.

Radi je? Ramani za setilaiti za 2016 ziliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, kileleni mwa Afrika: miale 205 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Kwenye Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku, mchana huhamia nchi kavu. Kwa hiyo ngurumo ikikukuta shambani Tarime au unavua Mto Mara, kimbilia ndani ya nyumba, usijikinge chini ya mti.