Rangi za Chakula na Utulivu wa Watoto Wetu



Siku ya mshahara, mbele ya geti la kiwanda na kwenye njia panda za mashamba ya miwa na chai, wachuuzi hupanga vitu vya watoto: pipi za kila rangi, barafu nyekundu za mfuko, unga wa juisi wa pakiti, biskuti zenye krimu ya njano, soda za rangi ya chungwa. Mfanyakazi aliyekata miwa mwezi mzima hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu. Hununua, na hatumlaumu, maana mtoto naye ana haki ya kufurahi siku ambayo mzazi amelipwa. Lakini wazazi katika matawi yetu wanauliza swali moja mara kwa mara: je, ni kweli kwamba rangi hizi humfanya mtoto awe mtukutu, asitulie darasani, asimsikilize mwalimu?

Tumelitafutia swali hili jibu. Kwa watoto baadhi ni kweli, tena kwa kiasi kidogo. Kwa wengine haionekani kitu. Ni vizuri tulieleze jambo hili polepole, kwa sababu wako watu wanaolikuza kupita kiasi na wako wenye viwanda wanaotaka lisisemwe kabisa.

Kwanza tujue rangi hizi zilitoka wapi. Mwaka 1856 kijana mmoja wa London, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Kwinini hakuipata. Alichopata ni rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Viwanda vya rangi vikaenea Ulaya, kwanza kwa ajili ya nguo, baadaye rangi za namna hiyo zikaingia katika chakula. Siku hizi nyingi hutengenezwa kutokana na mafuta yale yale yachimbwayo ardhini yanayotoa petroli na dizeli. Rangi hiyo haimpi mtoto nguvu, haizuii chakula kuoza, wala haiongezi ladha. Kazi yake ni kumvuta mnunuzi. Juisi isiyo na chungwa ndani yake hupakwa rangi ya chungwa, na mtoto huamini macho yake.

Wa kwanza kupiga kelele sana juu ya utukutu alikuwa Dakta Benjamin Feingold wa San Francisco, Marekani. Mwaka 1973 aliwaambia madaktari wenzake kwamba watoto wengi wasiotulia hupata nafuu wakiondolewa vyakula vyenye rangi na ladha za kutengenezwa. Wazazi walimpenda, wakaunda hata chama chao. Lakini madaktari wengine walipofanya majaribio yao waliona watoto waliopata nafuu ni wachache kuliko alivyosema. Basi kwa miaka mingi jambo likawa la kubishaniwa, na wenye viwanda wakastarehe.

Ugumu uko hapa. Mzazi akiambiwa kwamba kitu fulani humfanya mtoto awe mtukutu, huanza kuuona utukutu hata pasipokuwa nao. Sukari ni mfano mzuri, na sisi tunaolima miwa tunapaswa kuujua. Watu wengi ulimwenguni wanaamini kwamba sukari humpandisha mtoto wazimu. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani waliwaambia akina mama fulani kwamba watoto wao wamepewa sukari nyingi, kumbe hawakupewa hata chembe. Akina mama hao wakasema watoto wao wamechachamaa. Na majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 1995 hayakuonyesha kwamba sukari hubadili tabia ya mtoto. Meno ni habari nyingine, hatuitetei sukari kwa meno.

Kwa hiyo jaribio la haki ni lile ambalo mzazi hajui, mwalimu hajui, na mtoto hajui alichokunywa. Waingereza walifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika kisiwa cha Wight, na habari zake zilitolewa mwaka 2004. Watoto 277 wa miaka mitatu walimaliza jaribio hilo. Wazazi waliona tofauti siku za rangi, lakini vipimo vya hospitali havikuiona. Jambo likabaki nusu nusu.

Mara ya pili walikaza kamba. Chuo Kikuu cha Southampton, kikiongozwa na Profesa Jim Stevenson na kulipiwa na shirika la serikali la kusimamia chakula, kilichukua watoto 153 wa miaka mitatu na watoto 144 wa miaka minane na tisa. Kwa wiki sita watoto walikunywa juisi kila siku. Wiki nyingine ilikuwa juisi tupu, wiki nyingine ilitiwa mchanganyiko wa rangi pamoja na dawa ya kuzuia kuoza iitwayo sodiamu benzoeti. Juisi zote zilifanana kwa sura na kwa ladha. Kiasi cha rangi hakikuwa cha ajabu. Kwa wale wadogo, mchanganyiko mmoja ulikuwa na miligramu 20 za rangi kwa siku, ambazo mtoto huzipata katika mifuko miwili midogo ya pipi ya gramu 56. Wazazi waliwatazama watoto, walimu na watazamaji wakawatazama shuleni, na wale wakubwa wakapimwa pia kwa mashine ya kupima usikivu.

Habari zilitolewa Septemba 2007 katika gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Kwa wastani, watoto walihangaika zaidi walipokunywa mchanganyiko. Tofauti ilikuwa ndogo, na haikuwa sawa kwa kila mtoto: wengine waliguswa sana, wengine hawakuguswa. Tena, kwa kuwa rangi na ile dawa zilichanganywa pamoja, haikuwezekana kusema ni ipi hasa yenye kosa. Mwaka 2008 shirika la chakula la Ulaya lilisema ushahidi huo ni mdogo. Sisi tunasema hivi: watoto hao hawakuwa wagonjwa waliochaguliwa hospitali, walikuwa watoto wa kawaida. Ikiwa kitu hakina faida yoyote kwa mtoto, hata hasara ndogo haina sababu ya kuvumiliwa.

Na wazazi wa Ulaya walisema vivyo hivyo, kwa sauti kubwa. Bunge la Ulaya likakubali, na tangu tarehe 20 Julai 2010 kila chakula chenye mojawapo ya zile rangi sita hapana budi kiandikwe kwamba rangi hiyo yaweza kudhuru utulivu na usikivu wa watoto. Tazameni sasa kilichotokea. Kampuni nyingi hazikutaka kuandika onyo hilo, kwa kuwa nani atanunua? Zikaondoa zile rangi na kutumia karoti, biturutu, manjano na pilipili hoho. Tulikuwa tumeambiwa haiwezekani bila rangi hizo, kumbe yawezekana. Kampuni ya Kraft ya Marekani ilingoja hadi mwaka 2015 ndipo ikatangaza kwamba itaondoa rangi za njano katika makaroni yake maarufu ya jibini. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia rangi sita katika vyakula vya shule za serikali, kuanzia tarehe 31 Desemba 2027.

Wenye mali hawana haraka wasiposukumwa. Iko rangi nyekundu nyingine, namba 127. Marekani iliikataza katika vipodozi mwaka 1990, kwa sababu ilionekana kuleta kansa katika panya. Katika pipi za watoto iliachwa mpaka amri ya Januari 2025. Miaka 35 midomo ya mabibi ililindwa kuliko matumbo ya watoto!

Hapa kwetu Uganda na kwa jirani zetu hatuna onyo kama lile la Ulaya. Lakini namba tunazo. Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya la Umoja wa Mataifa yaliunda kamati moja ya viwango mwaka 1963, na namba za kamati hiyo ni zile zile za Ulaya, ila Ulaya huongeza herufi E mbele. Haihitaji elimu kubwa kusoma tarakimu tatu. Rangi za njano ni 102 na 104. Ya chungwa ni 110. Nyekundu ni 122, 124 na 129. Ile dawa ya kuzuia kuoza ni 211. Wengine huandika jina badala ya namba: Tartrazine ndiyo 102, Quinoline Yellow ni 104, Sunset Yellow ni 110, Carmoisine ni 122, Ponceau 4R ni 124, Allura Red ni 129. Kata kipande hiki cha gazeti ukiweke katika mfuko wa shati uendapo dukani.

Tusije tukakimbilia upande wa pili na kusema kila kilichoongezwa ni sumu. Chumvi hutiwa madini joto, na mtoto anayeyakosa madini hayo tangu tumboni huweza kudumaa akili. Hiyo ni nyongeza ya kuitafuta. Vilevile mtoto aliyekwenda shule bila uji asubuhi hatatulia, hata kama hajaona pipi mwaka mzima. Mwalimu mwenye watoto mia katika chumba kimoja naye asitafute sababu katika soda peke yake.

Linalotutia hofu zaidi ni rangi isiyo na pakiti wala namba, ile ya kupimwa kwa kijiko. Hiyo huwezi kujua kama ni ya chakula au ni ya mikeka na nguo. Nchini Bangladesh, wafanyabiashara walikuwa wakiing'arisha manjano kwa rangi yenye madini ya risasi. Risasi haina ubishi kama zile rangi sita: huharibu ubongo wa mtoto, humpunguzia akili na kumfanya asitulie, na kilichoharibika hakirudi. Watafiti walifichua jambo hilo mwaka 2019. Serikali ikapima sokoni, ikatoza faini na kuwatangazia watu. Sampuli za manjano zenye risasi zilikuwa 47 katika kila 100 mwaka 2019, na mwaka 2021 haikuonekana hata moja. Kazi ya miaka miwili tu, serikali ilipotaka.

Chama kinaweza kufanya nini? Katika mashamba yenye nyumba za kulelea watoto, wawakilishi waulize wanachopewa watoto saa nne. Ikiwa ni juisi ya unga na biskuti za rangi, waombe uji, ndizi mbivu au karanga, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa pamoja na mwajiri, lisiachwe kuwa hisani ya meneja. Mama mchuuzi wa getini asifukuzwe. Yeye huuza kinachonunuliwa, na akina mama hao hao ndio wauzao karanga na ndizi.

Tena tusiwasahau wenzetu walio ndani ya viwanda vya pipi, biskuti na juisi. Mtoto hula miligramu, lakini mfanyakazi wa kuchanganya hufungua gunia zima la unga wa rangi na vumbi likamwingia puani. Historia inatufundisha jambo hapa. Mwaka 1895 Dakta Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alieleza habari za kansa ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi za nguo. Kemikali zile si hizi za pipi, lakini waliougua kwanza walikuwa ni wafanyakazi, si wavaaji wa nguo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Mwakilishi aombe barakoa, glavu na karatasi ya maelezo ya usalama ya kila rangi inayoingia stoo, na aisome pamoja na wale wanaofungua magunia.