Kunakili Picha ya Fundi wa Zamani

Wasikilizaji wetu, tumeulizwa na mwanafunzi mmoja wa Mkunazini kama ni aibu mtu kunakili picha iliyopakwa na mwingine. Si aibu hata kidogo. Hapa kwetu Unguja kijana ajifunzaye kuchonga milango hufuata kwanza nakshi za fundi wake, na ndipo hubuni zake. Rubens, naye amekwisha kuwa bingwa, alifika Madrid mwaka 1628 akanakili picha za Titian. Jumba la Louvre, Paris, limewaruhusu wachoraji kunakili tangu mwaka 1793, ila kwa sharti kwamba nakala iwe kubwa au ndogo kuliko asili kwa sehemu moja ya tano, isije ikauzwa kwa hila.

Atakaye kuanza na achague uso mmoja. Sisi twapenda picha ya Mulay Ahmad, mwana wa mfalme wa Tunis, aliyoipaka Rubens yapata mwaka 1609 kwa kufuata kazi ya Vermeyen. Yaani nayo yenyewe ni nakala! Chora miraba juu ya picha iliyopigwa chapa, na miraba ya idadi ile ile juu ya turubai, kisha hamisha mistari mraba kwa mraba. Halafu chukua rangi moja ya kahawia, uizimue kwa tapentaini, upake vivuli tu. Fumba macho nusu utazame: usipoona uso sasa, rangi nyingine hazitauleta.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yakaukavyo juani. Huvuta hewa, yakagandamana polepole. Kwa hiyo tabaka la chini liwe jembamba, lenye mafuta machache, na la juu lizidi mafuta. Sisi katika ujana wetu tuliyapuuza hayo kwa haraka ya kumaliza, na baada ya miezi kadha paji la uso likapasuka kama tope la bwawa lililokauka. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, hatuna budi kungoja zaidi.

Lakini liko jambo ambalo vitabu tulivyosomea havikutuambia. Vilitufundisha kuchanganya rangi ya ngozi kwa nyeupe, manjano ya udongo na nyekundu, maana nyuso zilizonakiliwa zilikuwa za Wazungu. Tulipompaka mzee jirani yetu kwa kanuni ile, tukiongeza nyeupe kila mahali penye nuru, alitoka kama mtu aliyepakwa majivu. Mwenyewe alitazama, akanyamaza. Tulikwangua uso wote. Tukaanza upya kwa kahawia iliyochomwa, nyekundu na buluu; na penye nuru juu ya shavu tukaweka manjano, na buluu kidogo tu, kwa kuwa ngozi nyeusi hurudisha rangi ya mbingu. Nyeupe tukaibakiza kwa kanzu. Basi, nakili mkono wa fundi na mpango wake wa kivuli na nuru. Rangi zitafute katika uso ulio mbele yako.

Neno jingine, hasa kwa wakaao Mji Mkongwe katika nyumba za boriti. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visikunjwe na kurundikwa pembeni, maana hupata joto vyenyewe hata vikawaka moto. Vianike nje, kimoja kimoja, mpaka viwe vigumu.